Namba za kalori kwenye menyu zinabadilisha unachoagiza?

Maswali kuhusu kalori yamekuwa mengi safari hii, kwaio nimeona safu yote niwape wao. Nimefupisha barua kidogo tu na majina yenu sijaweka. Nimeanza na lile ambalo wengi mmeliuliza kila mtu kwa namna yake.

SWALI: Dada shikamoo. Ofisini kwetu kuna ubishi hauishi. Mmoja anasema zile nchi ambazo migahawa imelazimishwa kuandika kalori kwenye menyu watu wameanza kula kidogo, mwenzake anasema hakuna aliyebadilika hata mmoja, watu wanaangalia picha na bei basi. Nani mkweli hapo?
*Mbishi wa ofisini*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, ila huyo wa pili ndo amekaribia zaidi, na ngoja nikueleze kwa urefu maana hapa ndo penye utamu wenyewe.

Jiji la kwanza Marekani kulazimisha hii kitu ni New York, mwaka 2008. Mgahawa wowote wenye matawi 15 au zaidi nchini ukatakiwa uandike kalori palepale kwenye ubao wa menyu, sio kwenye kijikaratasi cha pembeni wala kwenye tovuti ambako mtu mwenye njaa haendi. Alafu sheria ya afya ya 2010 ikaifanya iwe ya nchi nzima kwa wenye matawi 20 na kuendelea, lakini ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka Mei 2018 ndo ikaanza kazi kweli. Ontario kule Kanada walianza Januari 2017, England Aprili 2022 kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi. Kwaio watafiti wamekuwa na muda wa kutosha kukaa milangoni na kuomba risiti za watu.

Na risiti zimesema nini? Utafiti wa mwanzo mwanzo kabisa, ulitoka 2009, uliangalia wateja wa fastifudi kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo New York, kabla ya sheria na baada, wakawalinganisha na wateja wa Newark ambako sheria haikuwepo. Nusu hivi ya wateja wa New York waliziona namba, na kati ya waliyoziona zaidi ya robo wakasema ndiyo, zimenifanya nichague tofauti. Lakini ukija kuhesabu kalori zilizo kwenye risiti, hamna kilichobadilika. Mi siamini kama wale watu walidanganya. Naamini mtu anapunguza hapa, anaacha jibini, alafu anaongeza pale bila kujua, anachukua kinywaji kikubwa kwa sababu roho yake imeshajiona imefanya vizuri.

Sasa upande wa pili. Starbucks, wale wenye migahawa mingi ya kahawa, waliwapa watafiti data ya manunuzi ya matawi yao, mamilioni ya manunuzi, sio watu mia mbili waliosimamishwa mlangoni. Huko kalori kwa kila manunuzi zilishuka asilimia 6, kutoka 247 mpaka 232. Sio kubwa lakini ipo. Na hapa ndo pananivutia mimi, karibu punguzo lote lilitoka kwenye vyakula, keki na vitafunwa, vinywaji havikusogea kabisa. Fikiria kwa nini. Mtu anaingia pale ameshaamua kinywaji chake tangu asubuhi akiwa kitandani, keki ni kitu kinachomjia akiwa kwenye foleni. Kwa maana hiyo namba ina nguvu pale tu ambapo moyo haujaamua bado, ukishaamua unaisoma kama unavyosoma tarehe kwenye gazeti, umeiona na imepita.

Kuna mwingine wa 2019, huu ulifuatilia migahawa 104 ya fastifudi kwenye majimbo ya kusini ya Marekani. Namba zilipobandikwa kalori zikashuka kama 60 kwa kila oda, asilimia 4 hivi, watu wakafurahi, lakini kadri wiki zilivyoenda watu wakarudi rudi kwenye mazoea na baada ya mwaka pengo likawa limebaki kama 23. Na England, watafiti wa chuo kikuu cha Liverpool waliongea na wateja zaidi ya 6,500, kabla na baada ya sheria. Waliosema wameziona namba walipanda kutoka asilimia 16.5 hadi 31.8, karibu mara mbili, lakini kalori walizonunua na walizokula hazikushuka kwa kiwango cha maana. Na angalia hiyo 31.8 vizuri: namba iko mbele ya macho kwa amri ya sheria na bado watu wawili kati ya watatu hawajaiona.

Ukitaka jibu moja la kuwapelekea wenzako, jopo la Cochrane, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja, mwaka 2025 walitoa hesabu yao: kuweka namba ya kalori kunapunguza kalori anazochagua mtu kwa wastani wa asilimia 1.8. Kwenye mlo wa kalori 600 hiyo ni kalori 11 tu, sawasawa na lozi mbili. Kwaio anayesema watu wameanza kula kidogo anazidisha, na anayesema hakuna hata mmoja aliyebadilika anazidisha pia ila yeye kidogo. Mimi bado nataka namba ziandikwe, na nataka kwa nguvu zote, sababu yangu utaikuta kwenye jibu la mpishi hapo chini.

SWALI: Habari ya kazi dada. Juzi nimeenda mgahawa mmoja wana kalori kwenye menyu, nimeona saladi ina kalori 780 na baga iliyo juu yake ina 650! Hawa watu hawajakosea kweli? Mimi nimeacha baga mwaka mzima nakula majani.
*Mla majani*

JIBU: Nzuri mpenzi. Inawezekana kabisa hawajakosea. Majani yenyewe karibu hayana kitu, ni maji na nyuzinyuzi, lakini saladi ya mgahawa hailiwi majani peke yake. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya zeituni ni kama kalori 120, na kwenye bakuli kubwa sosi inamiminwa vijiko vitatu vinne kabla haijafika mezani kwako. Weka jibini gramu 30, hapo umeongeza kama 120 nyingine, weka kiganja cha korosho au lozi, 170 mpaka 180, alafu juu yake kuku aliyekaangwa na vipande vya mkate vilivyokaushwa na siagi, na hapo hujaanza kuhesabu parachichi. 780 imefika wala haijakimbia.

Lakini nakuomba usirudi kwenye baga kwa hasira. Hiyo namba moja haikwambii kila kitu. Haikwambii nyuzinyuzi, haikwambii vitamini, haikwambii mafuta ni ya aina gani, na haisemi neno juu ya chumvi, ambayo kwa mtu mwenye presha ni habari kubwa kuliko kalori. New York waliliona hilo, mwaka 2015 wakaanza kuzitaka hoteli zao zenye matawi mengi ziweke alama ya kidude cha chumvi pembeni ya chakula chochote chenye miligramu 2,300 za sodiamu au zaidi, yaani chumvi ya siku nzima kwenye sahani moja. Sasa huo ndo ujumbe ambao mtu anaelewa bila kupiga hesabu.

Kwa hiyo saladi yako endelea nayo, omba tu sosi iletwe pembeni kwenye kibakuli uimimine mwenyewe, na kuku awe wa kuchoma. Kinywaji pia kiangalie, soda ya mililita 330 ni kama kalori 140 na haikushibishi.

SWALI: Mbona kila menyu inaandika kalori 2000 kwa siku? Mimi ni fundi ujenzi nabeba zege kutwa, mke wangu anakaa ofisini, na mama yangu ana miaka 74. Wote 2000?
*Fundi*

JIBU: Hapana kaka, sio wote. Hiyo 2000 ni namba ya kulinganishia tu, na hata sheria ya Marekani inalazimisha menyu iseme kwamba mahitaji ya mtu na mtu yanatofautiana. Uingereza serikali inashauri kama 2000 kwa mwanamke na 2500 kwa mwanaume, na hizo nazo ni wastani. Wewe wa zege unaweza kupita hapo mbali tu, mama anaweza kuhitaji pungufu ila asipunguziwe protini jamani, misuli ya mzee inaisha haraka.

Lakini usiidharau hiyo sentensi. Kuna jaribio lililochapishwa 2010, lilifanyika New Haven kule Marekani, watu 303 walialikwa chakula cha jioni, wengine wakapewa menyu ya kawaida, wengine yenye kalori, wengine yenye kalori pamoja na sentensi inayosema mtu mzima anahitaji kama 2000 kwa siku. Makundi yote mawili yenye kalori yaliagiza na kula pungufu pale mezani. Ila kesho yake walipoulizwa wamekula nini baada ya kuondoka, wale waliopewa namba bila ile sentensi walikuwa wamejilipizia nyumbani usiku, na wale waliokuwa na sentensi hawakufanya hivo, jumla yao ikawa pungufu kwa kalori 250 hivi. Namba peke yake haina pa kushikia, mtu anaambiwa 850 na hajui ni nyingi au chache.

Na ukisafiri Australia ukakuta chakula kimeandikwa 3,500 usishtuke, wao wanatumia kilojuli. Gawanya kwa 4.2 utapata kalori.

SWALI: Dada, sema ukweli bila kunificha. Mimi nikiona kalori naangalia ipi ina NYINGI kwa hela hiyohiyo. Nafanya kazi masaa kumi na mbili nakula mara moja, nikilipia nataka nishibe mpaka kesho. Rafiki yangu ananicheka anasema natumia vibaya. Nakosea?
*Mwenye njaa*

JIBU: Hujakosea hata kidogo, na rafiki yako akuache. Kalori ni nguvu, na mtu anayekula mara moja kwa siku kutafuta nguvu ya kutosha kwa hela aliyonayo ana akili timamu. Wanaotunga sheria hizi mara nyingi wanamfikiria mtu aliyeshiba ambaye anataka kupungua, wanasahau kwamba menyu hiyohiyo inasomwa na mtu anayehesabu hela mfukoni akiwa kwenye foleni. Ukirudi kwenye ule utafiti wa New York wa mitaa ya kipato cha chini ambao risiti hazikubadilika, mimi nikiwaza naona hiyo ni sababu mojawapo: bei ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa kuliko kalori. Utafiti mwingine wa jijini humohumo ulikuta kwamba kwenye mgahawa mmoja mkubwa wa sandwichi kalori zilipanda baada ya sheria, na kipindi hichohicho kulikuwa na ofa kali ya sandwichi ndefu. Ofa iliipiga namba chini.

Ninachokuomba ni kimoja tu. Kalori zako nyingi uzitafute kwenye maharage, mayai, nyama, samaki, nafaka, karanga, sio kwenye soda kubwa na chipsi peke yake, maana zile zitakupandisha saa moja na saa ya tatu njaa imerudi na usingizi juu. Protini na nyuzinyuzi ndo zinakaa tumboni. Na ukiweza kuvunja huo mlo mmoja ukawa miwili midogo, hata ukifunga nusu ukaondoka nayo, mwili utakushukuru kwenye zile saa za mwisho za shifti.

SWALI: Mimi ni mpishi mkuu, bosi amerudi kutoka safari ameona menyu zenye kalori akasema na sisi tuandike, hakuna sheria inayotulazimisha ila anataka. Kanipa wiki mbili. Naanzia wapi, na namba ziwekwe wapi kwenye menyu? Pia naogopa wateja wasikimbie.
*Chefu*

JIBU: Chefu hongera, barua yako nimeifurahia kuliko zote kwa sababu naamini kazi hii faida yake kubwa iko jikoni, kwa mteja inakuja baadae.

Anza na mzani wa jikoni wa kidijitali. Kila kiungo cha kila sahani kipimwe kwa gramu kikiwa kibichi na kimeshamenywa, alafu tafuta kalori zake kwenye jedwali la virutubisho vya vyakula, zidisha, jumlisha, gawanya kwa idadi ya sahani zinazotoka kwenye sufuria. Ndo hivohivo wakubwa wanafanya, hata sheria ya Marekani inakubali hesabu za jedwali, sio lazima upeleke chakula maabara. Penye matatizo ni mafuta. Mafuta ya kukaangia pima kabla na pima yaliyobaki, tofauti ndo iliyoingia kwenye chakula na kidogo iliyopotea kwenye karai, na yale ya kumwagia mwisho sahani ing'ae nayo yahesabiwe, wapishi tunajuana, mkono ukizoea kumwaga haupimi. Kwaio toa chupa kwenye laini ya kupikia weka kijiko cha kipimo. Na wali au viazi viwe na upawa mmoja kwa wote, kama kijana wa zamu ya usiku anajaza kuliko wa mchana basi namba yako ni ya mchana tu.

Usahihi una maana kwa watu zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima maabara vyakula 269 kutoka migahawa 42, kwa wastani namba zilikuwa sawa tu, lakini karibu kimoja kati ya vitano kilikuwa na kalori 100 au zaidi juu ya ilichotangaza. Tena vile vilivyoandikwa kalori chache ndo vilikuwa na tabia ya kuzidi. Yaani aliyekuwa anajitahidi kupungua ndo aliumizwa. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Namba uiweke wapi? Kushoto kwa jina la chakula, mbele, jicho liikute kwanza. Kuna majaribio yaliyochapishwa 2019 yalikuta watu wakiona kalori upande wa kushoto kabla ya jina wanaagiza kalori pungufu kwa asilimia 16 hivi kuliko wakiziona kulia. Watafiti haohao wakarudia na watu wanaosoma Kiebrania, ambao wanaanza kulia kwenda kushoto, na matokeo yakageuka. Kinachotangulia kuingia kichwani ndo kinachopima vingine vyote, jina la chakula likitangulia na utamu wake, namba ikija nyuma inakuta mate yameshajaa. Wengi wanaoandika kalori wanaziweka nyuma ya jina kwa maandishi madogo ya kijivu, na mimi naona hapo ndo sehemu ya nguvu yake inapopotea. Na iwe ukubwa uleule wa maandishi ya jina.

Wateja hawatakimbia. Starbucks mapato yao kwa ujumla hayakuguswa na zile namba. Kitakachobadilika ni wewe. Siku utakayopima mchuzi wako maarufu ukakuta una kalori 1,100 hutaweza kuulala usingizi huo, utapunguza krimu, utaongeza mboga, utajaribu tena mpaka utamu urudi. Na haya sio maneno yangu tu, Marekani sahani mpya zilizoingia kwenye menyu za makampuni makubwa baada ya sheria ya 2018 zilikuwa na kalori pungufu kama 113 kwa wastani kuliko sahani mpya za kabla ya sheria, kama robo nzima hivi. Zile za zamani, zile ambazo zilikuwepo siku zote, hazikuguswa. Unaona? Mteja anapunguza 11 akijitahidi, jiko linapunguza 113 na mteja hata hajui. Hii ndo sababu nilimwambia mbishi wa ofisini nazitaka hizi namba kwa nguvu zote. Mzigo wote tumembebesha mlaji, asome, ahesabu, ajizuie, wakati aliyeshika chupa ya mafuta yuko nyuma ya ukuta.

Kwaio chefu, wiki mbili zako usianze na kuandika, anza na sahani tano zinazouzwa sana, zipime, na pale unapoona unaweza kushusha bila kuua ladha shusha kabla menyu haijaenda kuchapwa.

SWALI: Naagiza sana chakula kwa simu na kule kalori hazipo. Nitumie nini?
*Wa deliveri*

JIBU: Sio kila mahali hazipo, England kwa mfano sheria inazihusu pia programu za kuagizia chakula. Kama kwenye simu yako hazionekani, faida uliyonayo wewe ni muda. Tafiti za watu wanaoagiza chakula cha mchana kazini zimeonyesha kwamba anayeagiza mapema, saa moja au zaidi kabla ya kula, anachagua kalori chache kuliko anayeagiza muda uleule njaa imempanda. Agiza ukiwa umetulia. Na ile sehemu ya mwisho kabla ya kulipa, ile inayokuuliza uongeze kinywaji, uongeze kitamu, upande saizi, ipite haraka, maana pale ndo oda inapovimba.

SWALI: Dada yangu, naandika kwa uzito. Binti yangu ana miaka 19, alipitia ugonjwa wa kujinyima chakula, tumehangaika naye miaka mpaka akarudi kula. Sasa tukitoka kwenda kula, akiona menyu yenye kalori anaganda, anachagua kitu chenye namba ndogo kuliko vyote, wakati mwingine anasema hana njaa. Nifanye nini? Nisimtoe tena?
*Mama*

JIBU: Mama pole sana, na hongera kwa kumfikisha hapo alipofika. Hofu yako ina msingi. England walipoleta sheria yao mwaka 2022, shirika la Beat linalosaidia watu wenye magonjwa ya ulaji lilipinga wazi, likasema namba hizi zitawaumiza watu kama binti yako, na sheria ikaacha nafasi kwamba mgahawa unaruhusiwa kumpa mteja menyu isiyo na kalori akiomba. Mimi naona hiyo ingepaswa kuwa lazima kila mahali penye sheria kama hii, sio ruhusa tu. Nimetetea hizi namba ukurasa mzima na sibadiliki, lakini kwa mtu ambaye akili yake iliwahi kufanywa mateka na namba hazina faida yoyote, tuseme hivyo bila kuzunguka.

Kumtoa endelea kumtoa mama, kula na watu ni sehemu ya kupona kwake. Kabla hamjaenda piga simu, uliza kama wana menyu isiyo na kalori, ukiona wanasitasita chagua pengine. Kama mmefika na mnakuta ziko ubaoni, muulize binti mapema, mkiwa bado nyumbani au njiani, angependa ufanyeje: wengine wanataka mtu awasomee majina ya vyakula tu, wengine wanaamua wakiwa nyumbani watakula nini na pale wanaagiza bila kufungua menyu kabisa. Njia achague yeye. Mezani msiongelee kalori, wala uzito, wala nani kaagiza kikubwa, na ndugu wengine uwaambie pembeni kabla, hasa yule shangazi au mjomba ambaye utani wake ni mwili wa watu. Akichagua kidogo usimkemee pale mbele za watu, kula chako kwa utulivu, mkifika nyumbani muongee.

Na huko kuganda, kumwambia daktari wake au mshauri anayemfuatilia ni muhimu, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa, kwa sababu wao wana mazoezi ya kumsaidia akutane na namba taratibu bila kuvunjika, kazi hiyo usiibebe peke yako. Ukiona ameanza kuruka milo nyumbani, au kusoma kila pakiti, au hedhi imepotea, au uzito umeanza kushuka tena, usingoje tarehe ya miadi, wapigie siku hiyohiyo.